Msiondoke jua likizama

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni saa gani ya siku ambayo hutaki ikupite, na kwa nini? Jibu ninalo siku nyingi. Ni ile robo saa inayofuata baada ya jua kuzama nyuma ya milima. Si pale linapozama. Ni baada ya hapo.

Nalitilia mkazo hilo kwa sababu nawaona watu wakilikosa. Wanalitazama jua likishuka, likigusa mgongo wa mlima, likimezwa, kisha wananyanyuka, wanakung'uta nguo na kwenda zao. Roho huniuma, maana shughuli yenyewe haijaanza.

Jioni moja majuzi jua lilitua limepauka, halina hata haiba. Juu sana kulikuwa na mawingu membamba, yametandazwa kama pamba iliyochambuliwa. Nikakaa. Kwa dakika kadhaa palikuwa na kijivu kitupu. Halafu ncha ya wingu moja ikashika uwaridi, ukapanda kuwa rangi ya chungwa, na punde si punde magharibi yote ikawa nyekundu kama kaa linalopulizwa. Milima ilikwisha kuwa myeusi, mabonde na makorongo yamefutika. Ila kule juu ukingoni niliweza kuhesabu mti mmoja mmoja, majani yake yamechongeka dhidi ya ule wekundu. Nikautazama mkono wangu: mwekundu mpaka kwenye kucha. Dimbwi la maji ya mvua lililokuwa karibu na miguu yangu nalo lilikuwa linawaka.

Mlima hutufichia jua sisi tulio chini, lakini mawingu yaliyo kilomita sita na zaidi juu yetu bado yanaliona. Mwanga unaoyafikia saa hiyo umekuja umelala, umepita kwenye hewa nyingi mno. Jua likiwa kwenye upeo, mwanga wake hupenya hewa takriban mara 38 ya ile ya adhuhuri likiwa utosini. Njiani molekuli za hewa huutawanya mwanga wa buluu karibu mara sita kuliko mwekundu, jambo ambalo mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza mwaka 1871. Kinachosalia ni ule wekundu, nao hulipaka wingu kwa chini.

Wapo wanaoshikilia kwamba vumbi na moshi ndivyo vinavyoleta rangi. Mimi nakataa. Ukungu mzito wa vumbi huifubaza jioni ikawa kama chai iliyozidi maziwa. Machweo makali huja hewa ikiwa imesafishwa na mvua. Volkano ni habari nyingine, kwa kuwa chembe zake hupanda juu kabisa ya mawingu na kukaa huko miezi. Krakatau ilipolipuka Agosti 1883, jioni zilikuwa nyekundu duniani kote. Mwezi wa Novemba, huko Poughkeepsie nchini Marekani, wazima moto waliitwa kwa kudhaniwa kuna moto mkubwa unawaka. Nikiwafikiria watu wale nawaelewa kabisa.

Kuhusu picha: simu ikiona giza huongeza mwanga, na wekundu unapauka. Gusa anga kwenye kioo, ushushe mwanga, piga moja au mbili, kisha uiweke mfukoni.

Na mkiwa mmesimama hapo, geukeni nyuma mara moja. Upande wa mashariki, kama anga ni safi, mtaona utepe wa waridi, na chini yake ukanda wa buluu iliyoiva unaopanda polepole. Kile ni kivuli cha dunia yenyewe. Jioni ile nilikitazama mpaka kikaumeza utepe wote, nikageuka tena magharibi: lilikuwa limebaki wingu moja dogo juu ya kilele, jekundu, limezungukwa na giza. Nikalisubiri nalo lizime.