Maswali na Majibu: Mwongozo wa Python kwa watumiaji wa Mac

SWALI: Natunza mwongozo wa Python wa wanaoanza. Unasema kila Mac huja na Python 2.7, lakini wasomaji wakiandika python wanajibiwa kuwa amri haipo. Nibadilishe nini?

JIBU: Futa sentensi hiyo. Apple iliiondoa Python 2.7 kwenye macOS 12.3, mwaka 2022. Kilichopo sasa ni /usr/bin/python3, nacho kwenye mashine mpya hufungua tu dirisha la kuomba usakinishe zana za Xcode, yaani zana za Apple za waandaaji programu. Mwelekeze msomaji kwenye kisakinishi cha python.org, na amri iwe python3. Ila usibadilishe neno hilo kwa mkupuo katika faili nzima: ndani ya mazingira yaliyoundwa kwa venv (zana ya Python ya kutenga vifurushi vya kila mradi), python bado ni amri halali.

Kagua pia kila palipotajwa .bash_profile, faili ya mipangilio ya bash, programu ya kupokea amri iliyotumika zamani. Tangu macOS 10.15, ya mwaka 2019, akaunti mpya hutumia zsh badala ya bash, nayo haiisomi kabisa faili hiyo. Hapa ndipo wanaoanza wanapoteseka zaidi, kwa sababu hakuna kosa linaloonekana: wamefuata kila hatua na hakuna kilichobadilika. Badala yake andika .zprofile, na uongeze kwamba baada ya kusakinisha lazima wafungue dirisha jipya la Terminal, kwa kuwa lililokuwa wazi bado lina PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) ya zamani. Kisha waandike which python3. Jibu likiwa /usr/bin/python3, bado wanaita ile ya Apple.

Usisahau Install Certificates.command, iliyomo kwenye folda ya Python ndani ya Applications. Asiyeibofya hukutana na CERTIFICATE_VERIFY_FAILED mara programu yake inapojaribu kufungua anwani ya https kwa urllib (moduli ya Python ya kusoma anwani za wavuti), akadhani intaneti yake ndiyo mbovu.

SWALI: Nimehariri Doc/using/mac.rst katika nyaraka rasmi. Nitajuaje kuwa sijaharibu kitu kabla ya kutuma?

JIBU: Jenga kurasa kwenye mashine yako. Ukiwa katika folda kuu ya msimbo wa CPython (Python rasmi yenyewe), endesha make -C Doc venv, kisha make -C Doc html, halafu fungua Doc/build/html/using/mac.html kwenye kivinjari. Soma maonyo yote yaliyotokea. La kawaida zaidi hutokana na kichwa kilichorefushwa huku mstari wa alama ulio chini yake ukibaki mfupi. Urefushe ufikie herufi ya mwisho. Unaweza kubadili maneno ya kichwa upendavyo, lakini lebo iliyo juu yake, mfano .. _using-on-mac:, iache ilivyo, maana kurasa nyingine huelekeza hapo kwa jina hilo. Malizia na make -C Doc check, inayonasa makosa madogo ya uandishi wa reST (muundo wa faili za .rst), kisha tuma kwenye tawi la main. Marekebisho yanayohusu matoleo ya nyuma huhamishiwa huko baadaye.