Dada wa Dunga, Mungu hajakuacha

Dada yangu wa ufuo wa Dunga, Kisumu, pole sana. Umesema mvua iliharibu omena yako, wale dagaa unaoanika na kuuza, chama chako cha akiba na mikopo kinakudai, umefunga siku saba na bado unajiuliza kama Mungu anakusikia.

Nimepita hapo. Omena yangu ililowa kabla ya kukauka, nikaiuza kwa bei ya chakula cha kuku. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, napiga magoti, maneno hayaji, nashika tu godoro na kulia. Hayo pia ni maombi.

Kwanza kula. Eliya alipochoka hadi akaomba afe, malaika hakumkemea; alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha, kabla ya siku ya mkutano, nenda kwa mweka hazina umwambie ukweli, uombe kulipa kidogo kidogo. Mimi nilitetemeka mlangoni kwake, lakini chama humkasirikia anayejificha kuliko aliyekwama. Nikapewa miezi minne. Mungu alinijibu kupitia wanawake wale wale niliokuwa nawakwepa.

Mtu akikwambia utume sadaka ya "mbegu" kwa M-Pesa ili deni lifutike, usitume hata shilingi.

Umesema pia kuna usiku unatamani usiamke. Hilo usilibebe peke yako. Mwambie mtu wa karibu leo hii, nenda hospitali uonane na mshauri, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kutafuta msaada huo si kukosa imani.

Niandikie ukishaongea na mweka hazina. Nakuombea.