Kabla ya Kwenda Kuitetea Shelta, Isome Ramani

Mwezi Juni 2019 nilikuwa mmoja wa watu zaidi ya 400, wengi wetu tukitoka Kongo na Angola, tuliofika katika jiji la Portland, jimboni Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, katika muda wa wiki chache tu. Shelta ya familia, yaani makao ya dharura ya wasio na makazi, ilikuwa imejaa, kwa hiyo jiji likafungua ukumbi wa michezo uitwao Expo, na kitanda changu cha kukunja kikawekwa karibu kabisa na goli la mpira wa kikapu. Wakazi walichanga zaidi ya dola 900,000 kutusaidia, jambo ambalo hata leo nikilisimulia kwa ndugu zangu wa Uvira hunitazama kama mtu anayeongeza chumvi. Nisilolijua wakati ule ni kwamba katika mwezi huohuo, si mbali na pale nilipolala, Baraza la Jiji lilikuwa likipiga kura kuamua shelta mpya ya watu wazima wasio na makazi ijengwe wapi.

Tangu hapo nimeketi katika vikao vingi vya namna hiyo, mwanzoni kama mkalimani na baadaye kama mkazi mwenye lake la kusema, na kila shauri la shelta linapozuka, huko Lewiston, jiji lingine la Maine, au hapa kwetu, kuna mtu hunipigia simu kuniuliza aende akaseme nini. Nimeona niandike mara moja. Nitatumia neno shelta kwa sababu ndilo tunalolitumia hapa. "Makao ya dharura" ni Kiswahili kizuri zaidi, lakini sijamsikia mtu akilitamka akiwa kwenye foleni.

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba kikao chenye kelele, kile kinachoonyeshwa kwenye taarifa ya habari, mara nyingi si mahali ambapo mambo yanaamuliwa. Majiji mengi ya Marekani hugawa ardhi yake katika kanda, utaratibu ambao Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliukubali tangu mwaka 1926, na kila kanda ina orodha ya matumizi yake: yapo yanayoruhusiwa moja kwa moja, yapo yanayoruhusiwa kwa masharti, na yapo yasiyotajwa kabisa, ambayo maana yake ni kwamba hayaruhusiwi. Shelta isipotajwa katika kanda fulani, hata ukisimama ukalia machozi, bodi haina mlango wa kukupitishia. Jimbo la California lililiona tatizo hilo, na mwaka 2007 likatunga sheria inayolitaka kila jiji litenge angalau kanda moja ambamo shelta inaruhusiwa moja kwa moja, bila kibali kinachohitaji kujadiliwa kwanza. Hapa kwetu shauri la kubadili kanda hupitia kwanza Bodi ya Mipango Miji, ambayo husikiliza wananchi na kutoa pendekezo, kisha hupelekwa kwa Baraza la Jiji lenye wajumbe tisa, meya akiwa mmoja wao, na hilo ndilo linalopiga kura.

Mimi niliyajua hayo baada ya kuaibika. Mara ya kwanza niliyojitokeza kuzungumza kwa jina langu mwenyewe, nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya shukrani, yenye safari yangu yote kuanzia misitu ya Panama hadi kituo cha basi, nikaisoma kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, na mwenyekiti akanijulisha kwa upole kwamba muda wangu umekwisha kabla sijafika Texas. Kilichoniuma zaidi ni nilichokuja kuambiwa koridoni: kipengele cha siku ile kilihusu maneno mawili tu katika masharti ya kibali, na mjadala wa kama shelta iwepo au isiwepo katika kanda ile ulikuwa umemalizika miezi kadhaa nyuma, katika vikao ambavyo ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Tangu siku ile nimejizoesha kuanza na ajenda. Hutolewa siku chache kabla ya kikao, na huambatana na ripoti ya maofisa wa mipango inayoeleza kanda ni ipi, masharti ni yapi na maofisa wenyewe wanapendekeza nini. Ripoti hiyo ni ndefu na lugha yake ni kavu kama muhogo wa kiangazi, lakini wajumbe wanayo mezani na wanaifuata ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo anayezungumza bila kuisoma anaonekana mara moja.

Ukiuliza kwa nini sauti zetu huchelewa, sehemu ya jibu ni barua. Taarifa za mabadiliko ya kanda hupelekwa kwa wenye mali waliopakana na eneo husika. Mpangaji mara nyingi hapati, na mtu anayelala kwenye shelta hana hata sanduku la barua. Kwa hiyo kila mara ukumbi hujaa wenye nyumba, si kwa sababu wao ni wabaya kuliko sisi, bali kwa sababu wao ndio walioalikwa. Nami nakiri kwamba wengi wetu tunabeba woga wa zamani: nilipoishi Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, ofisa wa ardhi akionekana mtaani akiwa na ramani mkononi, watu walitoka nje kutazama kama nyumba yao imepakwa alama ya X nyekundu. Hapa ofisa huyohuyo anauliza maoni yako, na huhitaji kuwa raia ili kuyatoa. Utaulizwa jina na mtaa au jiji unaloishi, basi.

Sasa niingie katika lile ninaloliona kuwa kiini, yaani tofauti kati ya kubishania watu na kubishania masharti. Kwa miaka mingi shelta kuu ya jiji ilikuwa Oxford Street, katika mtaa wa Bayside ulio chini kidogo ya katikati ya mji, katika jengo ambalo halikujengwa kwa kazi hiyo. Ilikuwa na nafasi 154, watu wakilala juu ya magodoro membamba sakafuni, na kwa muda mrefu ilikuwa shelta ya usiku tu. Fikiri maana yake. Asubuhi watu wote wanatoka kwa mkupuo mmoja, na jioni wote wanarudi kupanga mstari kandokando ya barabara. Kati ya nyakati hizo mbili, katika jiji ambalo theluji hudumu miezi, mtu mwenye mzigo wake mgongoni hana mahali pa kukaa isipokuwa ngazi za nyumba ya mtu mwingine. Majirani wa Bayside walilalamika juu ya ngazi zao, mikojo, foleni na magari ya polisi, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Mimi nimewasikiliza, na baadhi yao ni wazee waliokuwa wakiwapelekea watu hao supu. Lakini ukiyachambua moja moja utakuta kwamba mengi hayakusababishwa na wale watu. Yalisababishwa na saa za kufungua, ukubwa wa jengo na ukosefu wa choo cha mchana.

Ndiyo maana nikiulizwa la kusema, nawaambia wenzangu waache kujibu swali la kama wasio na makazi ni watu wema, kwani hilo si swali ambalo bodi ya mipango ina mamlaka ya kulijibu. Wazungumzie ukumbi wa mchana ndani ya jengo, makabati ya kufunga mizigo, foleni iwe ndani ya uzio na si kando ya barabara, taa, zahanati, na namba ya simu ambayo jirani akipiga saa nane za usiku anajibiwa na binadamu. Haya yote yanaweza kuandikwa katika kibali kama masharti, na sharti lililoandikwa mtu anaweza kulidai mwaka unaofuata. Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia: mpinzani anayesikia jambo lake likitajwa kwa heshima na mtu aliyewahi kulala shelta hupoa kidogo. Si kwamba anakubali. Anapoa, na hilo mara nyingine linatosha kubadili kura moja.

Kuhusu mahali penyewe, safari ya Portland ilikuwa ndefu. Mwaka 2018 jiji lilipendekeza shelta ya vitanda 200 katika eneo la Barron Center, nyumba ya kuwatunzia wazee inayomilikiwa na jiji, kwenye barabara ya Brighton. Wakazi wa upande ule wakapinga vikali na wazo likafa. Juni 2019 baraza likachagua kiwanja cha Riverside Street, pembezoni kabisa, karibu na mpaka wa jiji la Westbrook, mahali penye maghala na karakana kuliko nyumba. Baadaye kundi la wananchi likapeleka suala hilo kwenye kura ya maoni ya Novemba 2021, likitaka sheria ya matumizi ya ardhi ibadilishwe ili shelta mpya, isipokuwa za aina chache kama zile za familia, zisizidi vitanda 50. Wapiga kura wakakataa. Kituo cha Riverside kilifunguliwa Machi 2023 kikiwa na vitanda 208, miaka mitano tangu mjadala wa Barron Center, na kabla mwaka haujaisha baraza likaruhusu kiongezewe vitanda 50 kwa muda, kwa sababu mahema yalikuwa yamezagaa mjini.

Mwanzoni nilikuwa upande wa shelta ndogo. Aliyelala Expo hahitaji kuelezwa ukumbi wa watu wengi unavyomnyima mtu usingizi. Kilichonigeuza ni hesabu: ili kupata vitanda 200 kwa mafungu ya 50 unahitaji viwanja vinne, na nilikuwa nimeshuhudia kiwanja kimoja kinavyogombaniwa. Hata shelta ndogo ya vitanda 40 iliyofunguliwa mwaka 2022 mahali palipokuwa na jiko la chakula cha msaada, katikati ya mji, ilipita kwa mvutano, na pale watu walikuwa wakihudumiwa kwa miaka mingi kabla. Ningependa shelta ndogo nne. Nisingependa watu wangoje viwanja vinne vipatikane wakiwa ndani ya mahema, hasa baada ya Mahakama ya Juu kuamua Juni 2024, katika kesi ya jiji la Grants Pass, kwa kura sita dhidi ya tatu, kwamba jiji linaweza kumwadhibu mtu kwa kulala nje hata kama halina kitanda cha kumpa.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani ninaisifia Riverside kupita kiasi. Jengo ni zuri: kuna vitanda halisi, chakula, zahanati na mahali pa kukaa mchana. Tatizo ni umbali. Ni kama maili tano kutoka katikati ya mji, na ingawa kuna basi dogo la jiji linalopeleka na kurudisha watu, maisha ya mtu asiye na makazi yanafuata ratiba za watu wengine. Mwomba hifadhi, yaani mtu aliyekimbia kwao kama sisi wa Expo, haruhusiwi kufanya kazi mara moja. Anasubiri siku 150 tangu alipowasilisha ombi lake ndipo aombe kibali cha kazi, na kibali chenyewe hakitolewi kabla ya siku 180 kutimia. Katika miezi hiyo kazi yake ni miadi: wakili leo, alama za vidole kesho, darasa la Kiingereza jioni. Mimi nilikuwa na miadi ya saa mbili asubuhi na ofisi moja, nisiyoitaja, ikanifungia mlango kwa dakika kumi na mbili, na miadi mpya ikapangwa baada ya wiki tatu. Kanda za viwanda huonekana nyepesi kwenye ramani kwa sababu hakuna jirani wa kupinga. Hakuna duka la dawa pia, wala kituo cha basi chenye paa. Ukiwa na dakika mbili tatu tu za kuzungumza, zitumie hapo, kwa sababu katika ukumbi mzima huenda wewe peke yako ndiye uliyewahi kuutembea umbali huo ukiwa na viatu vilivyolowa.

Kuna neno moja ambalo ningeomba wenzangu walikwepe hata likiwatoka kwa nia njema. Tunaposimama tukasema "sisi si kama wale wa dawa za kulevya, sisi tumekuja kufanya kazi," wajumbe wengine hutabasamu, na shelta yetu inaweza kupita kweli. Mwishoni mwa 2023 ilifunguliwa ya waomba hifadhi peke yao, ya watu wapatao 180, katika eneo lilelile la viwanda. Lakini sentensi hiyo hurudi kutumika wiki ijayo dhidi ya yule aliyelala kitanda cha pili kutoka changu, mzee wa hapahapa Maine aliyenifundisha jinsi ya kupanda basi na kunipa glavu zake za mkono mmoja, kwa kuwa za mkono wa pili alikuwa amezipoteza.

Kikao cha mwisho nilichohudhuria kilikwisha karibu saa tano za usiku. Koridoni alinifuata mama mmoja aliyekuwa amezungumza kupinga, akaniuliza basi la mwisho la kutoka mjini kwenda Riverside huondoka saa ngapi, maana hakuna mtu yeyote aliyelitaja ndani. Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimezungumza kabla yake. Siku hizi huingia ukumbini nikiwa na ratiba ya mabasi iliyokunjwa ndani ya ajenda.