Kopo la Laga la Bei Nafuu: Badilisha Hamira, Punguza Joto, Kisha Mengine

Kopo la bei ya chini la kutengenezea bia ya laga nyumbani linasemwa vibaya kuliko linavyostahili. Ndani yake mna shira ya kimea cha shayiri iliyokwisha kutiwa uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), na kazi ngumu ya kupata kimea kutoka kwenye nafaka imeshafanywa na kiwanda. Kinachoangusha bia ni vile vinavyoandamana na kopo: kipakiti kidogo cha hamira chini ya kifuniko, ushauri wa kuongeza kilo nzima ya sukari, na karatasi ya maelekezo inayotaka bia ichachuke kwenye joto la chumbani na kuingia kwenye chupa baada ya siku chache. Nimetengeneza bia nyumbani kwa makopo haya kwa muda mrefu, na bado nayanunua. Ninachokushauri hapa ndicho ninachofanya mwenyewe, nikianza na kile kinacholipa zaidi.

Kabla ya yote, chagua kopo. Soma lebo: lililoandikwa kimea, hopsi na maji peke yake ndilo la kuchukua, maana mengine huongezewa shira ya glukosi. Halafu tazama tarehe. Shira ya kimea iliyokaa miaka kwenye rafu huwa nyeusi, na hubeba ladha nzito ya sukari iliyoungua ambayo haifichiki kwenye bia nyepesi kama laga. Bia nyeusi inaweza kuisitiri ladha hiyo. Laga haiwezi. Kopo lenye tarehe ya mbali la bei nafuu ni bora kuliko la jina kubwa linalokaribia kuisha muda.

Sasa hamira, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mabadiliko makubwa yalipo.

Laga ni bia ya kuchachushwa kwenye baridi. Hamira yake, Saccharomyces pastorianus, ni mseto wa hamira mbili: ile ya kawaida inayotumika kwenye mkate na bia za aina ya eli (zinazochachushwa kwenye joto zaidi), na nyingine inayostahimili baridi, eubayanus, ambayo wanasayansi waliitambua Patagonia mwaka 2011. Kwa mzazi huyo wa pili laga hupata uwezo wa kuchachuka kwenye nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, joto ambalo hamira nyingi za eli hulala usingizi. Kuchachuka polepole kwenye baridi ndiko kunakoipa laga usafi wake: hakuna harufu ya ndizi, hakuna ukali wa pombe unaokwaruza koo.

Makopo mengi yaliyoandikwa laga huja na hamira ya eli. Mtengenezaji ana sababu yake: hajui utaiweka ndoo wapi, kwa hiyo anakupa hamira isiyogoma popote. Kipakiti chenyewe kwa kawaida ni gramu 5 hadi 7, kiasi kidogo kwa lita 23, na huenda kimepitia ghala lenye joto kali. Bia itapatikana, naam, lakini laga haitapatikana.

Nunua hamira ya laga ya unga. Ninayoirudia kila mara ni W-34/70, inayotoka kwenye familia ya hamira zinazotumiwa na viwanda vingi vya laga duniani, ni mvumilivu na husamehe mengi. Kwa lita 20 hadi 23 kwenye baridi tia pakiti mbili za gramu 11.5. Najua bei ya pakiti mbili inaweza kukaribia bei ya kopo lenyewe, na ndiyo maana watu husita. Usisite. Hamira chache kwenye baridi huanza kazi kwa kuchelewa, hutoa harufu zisizotakiwa, na hukupa wasiwasi wa siku tatu ukitazama ndoo isiyotoa hata povu.

Kama huna namna ya kupata baridi, kuna njia ya heshima: tia hamira safi ya eli, kwa mfano US-05, uichachushe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Hutapata laga kamili, ila utapata bia safi na nyepesi inayoikaribia sana. Hiyo ni bora mara nyingi kuliko kulazimisha hamira ya laga ichachuke kwenye nyuzi 25.

Joto linakwenda pamoja na hamira, wala hulitenganishi nayo. Jambo ambalo karatasi ya maelekezo hailisemi ni kwamba kuchachuka kwenyewe huzalisha joto. Chumba kikiwa na nyuzi 20, ndani ya ndoo panaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi hamira inapokuwa kwenye kilele cha kazi. Bandika kipimajoto kwenye ubavu wa ndoo, chini ya usawa wa bia, na uamini hicho badala ya kile cha ukutani. Friji ya zamani yenye kidhibiti joto cha nje ndiyo suluhisho bora. Bila friji, iweke ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, uifunike kwa kitambaa ambacho ncha zake zinagusa maji, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Feni ikielekezwa kwenye kitambaa, maji yanayokauka hushusha joto zaidi. Siku nne au tano za mwanzo ndizo za kulindwa kuliko zote, kwa kuwa ladha nyingi mbaya huzaliwa hapo. Baada ya hapo bia husamehe zaidi.

Siku ya kutengeneza, anza kwa kuiweka sehemu kubwa ya maji kwenye friji tangu jana yake. Shira ya kimea huyeyushwa kwa lita mbili tatu za maji ya moto, kisha maji ya baridi yakiongezwa ndoo yote hushuka haraka karibu na joto unalotaka. Tia hamira pale tu maji ya kimea yanapokuwa kwenye joto la kuchachuka au juu yake kidogo. Kama bado ni ya moto jioni hiyo, ziba ndoo iliyosafishwa vizuri, iache ipoe usiku kucha, utie hamira asubuhi. Kabla ya kutia hamira, koroga kwa nguvu au mimina kutoka ndoo hadi ndoo ili hewa iingie. Hamira inaihitaji mwanzoni. Kuanzia hapo, hewa ni adui mpaka siku ya kunywa.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kimea na hamira hutoa ladha ya dawa ya hospitali ambayo haiondoki hata ukiisubiri bia mwaka mzima. Nusu kidonge cha Campden (dawa ya kuondoa klorini) kilichosagwa kinatosha kwa maji ya ndoo moja, na hufanya kazi ndani ya dakika chache. Ni kitu cha bei ndogo kabisa katika orodha yote hii.

Tuje kwenye ile kilo ya sukari. Sukari ya mezani huliwa yote na hamira. Huacha alkoholi na haiachi kingine. Ndiyo sababu bia ya kopo na sukari huwa nyembamba mdomoni kama maji yenye kileo. Mahali pake weka unga wa kimea chepesi. Tazama hesabu: kopo la kilo 1.7 pamoja na kilo moja ya sukari katika lita 23 hukupa kipimo cha mwanzo cha haidromita (kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye maji ya kimea) karibu na 1.039, na bia huishia karibu na 1.005. Ukiweka kilo moja ya unga wa kimea badala ya sukari, unaanza karibu pale pale, 1.038, lakini unaishia karibu na 1.010. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo uzito unaousikia mdomoni na povu linaloshika kwenye glasi.

Alkoholi itapungua kidogo, na hapo ndipo ninapoacha kufuata lita 23 za kwenye lebo. Natengeneza lita 20. Kipimo cha mwanzo hupanda hadi karibu 1.044, alkoholi hurudi kwenye asilimia 4 na kitu, na uchungu wa hopsi uliomo kwenye kopo, ambao mara nyingi ni mwoga, huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Unapoteza chupa chache na kupata bia yenye sauti yake. Usichanganye makopo mawili yenye hopsi kwa matumaini ya kupata uzito: uchungu utakuwa maradufu. Kopo la pili likihitajika, liwe la kimea kisicho na hopsi.

Hata hivyo sisemi sukari ifukuzwe kabisa. Laga inayopendeza siku ya jua huisha bila kuacha utamu mdomoni, na kimea kitupu wakati mwingine huiacha nzito. Mchanganyiko ninaoupenda ni gramu 750 za unga wa kimea na gramu 250 za dekstrosi, aina ya sukari. Anayependa bia nzito zaidi atumie kimea kitupu.

Hopsi ni za mwisho, na nasikitika kuona watu wengi wanaanza nazo. Hakuna hopsi itakayoficha kazi mbaya ya hamira. Ila msingi ukiwa imara, gramu 15 za Saaz au Hallertau huamsha kopo lililolala. Saaz ni hopsi ya Bohemia, huko Ucheki, ile ile inayohusishwa na bia za Plzeň, mji ambako laga ya rangi ya dhahabu ilipikwa mara ya kwanza mwaka 1842. Chemsha lita moja ya maji na vijiko vichache vya unga wa kimea, tia hopsi, ziache zichemke dakika 10, chuja, mimina kwenye ndoo. Usichemshe shira ya kopo lenyewe. Inapoteza harufu kidogo iliyokuwa nayo na rangi yake huzidi kukolea.

Kwenye nyuzi 12 au 13, kuchachuka huchukua wiki mbili hivi. Haidromita ikionyesha robo tatu ya kazi imekwisha, acha joto lipande hadi nyuzi 17 au 18 kwa siku mbili tatu. Hamira hapo huila daisetili, ile ladha ya siagi inayoharibu laga nyingi za nyumbani. Kizibo cha kupumulia kikiacha kutoa mapovu, usikichukulie kuwa ushahidi wa chochote. Pima kwa haidromita siku tatu: kipimo kikibaki pale pale, ndipo utie kwenye chupa. Chupa zilizojazwa mapema hupasuka, na kioo kinachoruka huumiza watu vibaya. Tumia chupa nene zilizotengenezwa kwa vinywaji vya gesi.

Sukari ya kutia gesi, gramu 7 kwa kila lita ya bia, ichemshe kwenye maji kidogo, itie kwenye ndoo safi ya pili, kisha bia iingie juu yake taratibu kwa mpira bila kurushwa rushwa. Kijiko kwa kila chupa hutoa chupa moja bubu na nyingine inayolipuka povu.

Chupa zikae wiki mbili kwenye joto la chumba ili gesi ijitengeneze, kisha ziingie kwenye friji, nyuzi 0 hadi 4, kwa wiki nne au zaidi. Watu wengi huishiwa subira hapa. Ukifungua chupa wiki ya kwanza ya baridi unaweza kukutana na harufu ya kiberiti, karibu na yai viza, ukadhani bia imeharibika. Haijaharibika: hamira za laga hutoa harufu hiyo, nayo hupungua kadiri wiki zinavyokwenda, huku mashapo yakishuka na kushikana chini ya chupa. Fungua moja kila wiki ukitaka kuyaona mabadiliko hayo mwenyewe, mimina taratibu kwa mkupuo mmoja, na uache sentimita ya mwisho ndani ya chupa.