Mashmelo ya kisufuria kimoja

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu anatimiza miaka 6 na anataka mashmelo, zile peremende laini kama sponji. Nilijaribu nusu ya vipimo, shira ikageuka sukari ya chengachenga. Nilipoirudia haikuganda, ikabaki kama uji. Tena naogopa jelatini, ule unga wa kugandisha, isije ikawa ya nguruwe. Nifanyeje? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. La jelatini kwanza: chukua iliyoandikwa halali. Pakiti isiyosema imetoka kwa mnyama gani, iache dukani.

Sasa shira. Ikiwa kidogo kwenye sufuria pana hukauka pembeni, chembe zikashuka na kuigeuza yote. Tumia kisufuria chembamba chenye kitako kizito. Tia sukari gramu 150, maji vijiko 4 vya chakula, asali vijiko 2 na chumvi chembe. Asali usiiache hata kidogo, ndiyo inayoizuia sukari isirudi chembechembe. Sukari ikishayeyuka, toa mwiko, usikoroge tena.

Kuhusu kutoganda, nadhani uliepua mapema. Sisi wa pwani tumezoea shira ya kaimati, ikinata vidoleni tunaepua. Hii lazima ipite pale, ifike nyuzi 115. Huna kipimajoto? Dondoshea tone kwenye maji baridi: likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea, imefika. Kabla ya hapo ina maji mengi, na jelatini haitayaweza.

Jelatini gramu 10 iwe imeshalowa kwenye maji baridi vijiko 4, ndani ya bakuli jembamba lenye kina, ili mashine ya mkono ipate cha kupiga. Mimina shira taratibu huku mashine ikizunguka polepole, kisha ongeza kasi kwa dakika 8 hadi 10, mpaka iwe nyeupe, nzito, na bakuli liwe vuguvugu. Malizia na kijiko kimoja cha chai cha marashi ya waridi ya kupikia. Mimi nayapenda kuliko vanila. Juisi ya nanasi au papai isiyochemshwa usitie, huivunja jelatini.

Mimina kwenye trei ndogo iliyopakwa mafuta, funika, ilale mezani usiku kucha. Friji hapana, unyevu wake utayafanya yatoe maji. Kata kwa kisu kilichopakwa mafuta, na kwa joto la Tanga yafungie kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Mtoto asikaribie jiko, shira hiyo huunguza vibaya na hung'ang'ania ngozi. Kazi yake iwe asubuhi: kuvingirisha vipande kwenye konflawa na sukari ya unga, nusu kwa nusu.