Daktari kasema nirudi baada ya miezi sita, mbona nimelia?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi huwa nasoma tu, leo ndo nimejikaza niandike. Miaka miwili na nusu iliyopita nilikuwa na doa jeusi unyayoni karibu na kisigino, nikajua ni damu imevilia sababu nilikuwa nimejikwaa, likakaa mwaka mzima linatanuka polepole, kuja kupimwa naambiwa ni melanoma, ile kansa ya ngozi. Nikafanyiwa upasuaji, ikaonekana imezama milimita 2.3, wakatoa na tezi ya kwenye kinena wakakuta seli zimeshafika, basi nikawekewa zile dripu za kuamsha kinga ya mwili kila wiki tatu kwa mwaka mzima. Namshukuru Mungu skani zote tangu hapo zimetoka safi. Sasa juzi daktari kaniambia kuanzia sasa nirudi kila miezi sita badala ya mitatu, mwingine angefurahi ila mi nimelia njia nzima, naona kama wameniachia. Wiki ya kwenda kliniki silali kabisa. Mume wangu ananiambia ushapona achana nayo, na mi siwezi. Hiyo miezi sita katikati nafanya nini? Halafu samahani, hili sio la maana sana, siku hizi nimekuwa mzito, nachoka hata kabla sijaanza kazi, nahisi baridi wenzangu wakilalamika joto, na mwili umeongezeka wakati chakula nakula kile kile. Nadhani ni mawazo tu.

JIBU: Mdogo wangu, naanza na hilo ulilosema sio la maana, maana kwenye barua yako yote hapo ndo nimesimama nikarudia kusoma mara mbili.

Zile dripu haziui kansa zenyewe. Kinga ya mwili ina breki zake za kuizuia isishambulie ovyo, na kansa inajificha nyuma ya hizo breki, sasa dawa inaziachia ili kinga ifanye kazi (James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi yao kuhusu breki hizi). Shida ni kwamba kinga ikishaachiwa inaweza kugeukia na viungo vizima, na tezi ya thairoidi hapo shingoni ni moja ya vinavyoguswa mara nyingi, wakati mwingine miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Thairoidi ikilegea mtu anakuwa hivyo hivyo ulivyojieleza, uchovu, baridi, kunenepa bila sababu, ngozi kukauka, choo kuwa kigumu, hata huzuni. Kwa hiyo usisubiri miezi sita. Nenda wiki hii, waambie ulishatumia dawa za kuamsha kinga, wapime damu waangalie homoni za thairoidi, na uombe waangalie na kortisoli (homoni inayousaidia mwili kuhimili misukosuko, na tezi ya chini ya ubongo ndo inayoiamuru) hapo hapo kabla hujaanzishiwa vidonge vya thairoidi, kwa sababu kama tezi hiyo nayo imeguswa na kortisoli iko chini, ukianza na vidonge vya thairoidi peke yake unaweza kuzidiwa vibaya. Ikionekana ni thairoidi tu tiba yake ni kidonge cha kila siku, mara nyingi cha maisha, na watu wanarudi kuwa wenyewe kabisa. Ila ukianza kuona kizunguzungu ukisimama, kutapika, kichwa kuuma kusikoisha, kuharisha sana au pumzi kuwa fupi, hiyo ni ya siku hiyo hiyo, usilale nayo. Na popote utakapotibiwa, hata miaka mitano ijayo, hata umeenda kwa jino, sema nimewahi kutumia dawa hizi. Asiyejua atakutibu kama mtu mwingine yeyote.

Sasa miezi sita. Hawajakuachia. Melanoma ikiwa inarudi, mara nyingi inarudi ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo, ndo maana mwanzoni wanakuita kila baada ya miezi michache, kisha nafasi inapanuliwa mpaka inafika mara moja kwa mwaka. Kupanuliwa maana yake hatari imepungua. Naelewa lakini kwanini umelia, ile miezi mitatu ilikuwa kama mkono umekushika na sasa umelegezwa, nimewaona wengi kwenye kazi yangu ya uuguzi wakitoka kwa daktari na habari njema wanalia kwenye benchi la nje. Haimaanishi una wasiwasi kupita kiasi.

Ila kuna kitu wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Sehemu kubwa ya melanoma zinazorudi wa kwanza kuziona ni mgonjwa mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake, daktari anakuona dakika ishirini, wewe uko na hiyo ngozi kila siku. Chagua tarehe moja ya kila mwezi. Ukitoka kuoga, taa inawaka vizuri, anza na kovu, pitisha ncha za vidole juu yake na pembeni yake, halafu panda na mguu wote taratibu mpaka kwenye kinena, kwa sababu ugonjwa huu unasafiri kwenye mifereji ya majimaji ya mwili na unaweza kukwama njiani ukaota kama kipunje kigumu chini ya ngozi, mara nyingi hakiumi, kinaweza kuwa cheusi au bluu au rangi ile ile ya ngozi yako. Papasa nyuma ya goti na kinena, pande zote mbili, ili ujue kwako kawaida ikoje, mana bila kuijua kawaida yako kila kitu kitakutisha. Kisha nyayo zote mbili, katikati ya vidole, kucha (mstari mweusi mpya au unaopanuka), viganja, kichwani kwenye nywele. Na usitafute cheusi tu, melanoma nyingine ni za pinki, hazina weusi kabisa. Unatafuta kipya, kinachobadilika, au kisichofanana na wenzake. Piga picha na simu ukiweka rula pembeni, mwezi ujao unalinganisha, macho yanasahau.

Mtoki wa kidonda cha mguuni utaujua, unauma na ukipona kidonda nao unaondoka. Uvimbe wowote uliokaa wiki mbili haujaondoka, uume usiume, pigia kliniki simu, usihesabu siku za apointimenti. Wakikwambia sio kitu hujampotezea mtu muda.

Mume wako mpe kazi. Mgongo huwezi kujiona, mwambie kila tarehe hiyo wewe ndo unaangalia mgongo wangu. Wanaume wengi wakisema "ushapona" ni hofu yao wenyewe inaongea, akiwa na kitu cha kufanya ataacha kukuambia achana nayo. Na hiyo wiki ya kukosa usingizi, wagonjwa karibu wote wanayo. Kinachosaidia ni kuuliza mapema majibu yatatoka siku gani na nani atakupigia, kwa sababu kinachomaliza watu ni kusubiri bila kujua unasubiri mpaka lini. Ukiona usingizi umekataa hata miezi isiyo na kliniki, waombe wakuunganishe na mshauri nasaha.

SWALI: Shikamoo dada. Baba yangu alitolewa melanoma mgongoni miaka nane iliyopita, ilikuwa nyembamba haijafika hata milimita 1. Sasa amegoma kwenda kuangaliwa, anasema miaka nane inatosha. Ana haki? Na sisi watoto je?

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba ana haki nusu. Ikiwa nyembamba hivyo wengi hawaioni tena maisha yao yote, na kwa miaka nane safi ana kila sababu ya kutembea kifua mbele. Lakini melanoma ni mojawapo ya kansa zinazoweza kurudi hata baada ya miaka kumi na zaidi, sio mara nyingi ila inatokea, na kubwa kuliko hilo, mtu aliyewahi kuipata anaweza kupata nyingine mpya kabisa sehemu tofauti. Kwa hiyo kuangaliwa ngozi mara moja kwa mwaka ni kwa maisha. Mwambie hakuna skani wala sindano, ni kuvua nguo, daktari wa ngozi apite na lenzi yake, basi. Wazee wengi wanagoma wakidhani wanarudishwa kwenye yale ya mwanzo. Jua nalo bado aliogope, kofia pana na mikono mirefu.

Nyie watoto hatari yenu iko juu kidogo kuliko ya watu wengine, mchunguzwe mara moja na mtaalamu kisha mjiangalie wenyewe kama nilivyoeleza hapo juu. Ila kama upande wa baba kuna ndugu wengine wawili watatu waliougua melanoma, au kuna kansa ya kongosho, hiyo sema kwa daktari wazi, kuna familia zina vinasaba vinavyorithishwa.

SWALI: Nilitolewa tezi zote za kinena mwaka jana sababu ya melanoma. Mguu unavimba jioni, asubuhi umepungua. Imerudi?

JIBU: Kwa unavyoeleza inaelekea ni majimaji yamekosa njia, tezi zilizotolewa ndo zilikuwa zinayapitisha. Hata hivyo daktari auone mguu, na uulizie soksi za kubana zilizopimwa kwa mguu wako, usinunue za kubahatisha. Inua mguu ukikaa, tembea, paka mafuta ngozi isipasuke, usitembee peku, na mchubuko hata mdogo uoshe hapo hapo kwa sababu mguu huo unaambukizwa haraka. Ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, nenda siku hiyo hiyo. Ukivimba ghafla na shavu la mguu kuuma, pia siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda. Na kama ulikuwa umetulia muda mrefu halafu umeanza kuvimba upya hata asubuhi haupungui, hapo ndo uombe wapige altrasaundi ya kinena.