Usinunue faili la usalama, litengeneze na nahodha wako

Huwa napata sana meseji za namna hii, "kaka nimenunua meli, nimeambiwa lazima niwe na mfumo wa usalama, yani taratibu za maandishi za kuendesha meli salama, hebu nitumie faili la kampuni yenu nibadilishe majina." Wanaouliza ni watu wazima na akili zao, wana hela zao halali, wengine wameleta chombo kizuri tu kutoka nje, na wote nawajibu kitu kimoja, faili sitatumia ila njoo na nahodha wako tukae tuongee. Wengi wanaona nawabania. Sasa leo naandika hapa kirefu ili nikiulizwa tena nitume hii.

Mimi nimeanzia baharini, dekini, kwenye meli za mizigo na baadae za abiria, pwani yetu hii ya Tanga, Dar, Unguja na Pemba, na sasa hivi niko nchi kavu kazi yangu ni kusimamia usalama wa vyombo. Kwa hiyo huu mfumo nimeuona pande zote mbili, upande wa anayejaza fomu saa nane usiku kachoka, na upande wa anayeisoma fomu hiyo ofisini asubuhi akiwa na chai yake.

Kwanza uelewe hizi sheria za mfumo wa usalama zimetoka wapi maana ukijua hilo mengine yanakuwa mepesi. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji milango ya mbele ikiwa wazi. Maji yakaingia deki ya magari, ndani ya dakika chache ikalala ubavu, wakafa watu 193. Aliyetakiwa kufunga milango alikuwa amelala kabini, ofisa aliyetakiwa kuhakikisha alishaondoka kwenda kwenye kituo chake kingine maana ratiba inamtaka awe huko, nahodha kule juu hana hata taa ya kumwonyesha kama milango imefungwa au la, akaondoka akiamini kila kitu kiko sawa. Na inayouma zaidi ni kwamba hiyo taa manahodha wa kampuni walishaiomba ofisini kabla ya ajali wakapuuzwa. Uchunguzi haukuishia kwa yule baharia aliyelala, ulipanda mpaka kwa wakubwa wa kampuni. Hapo ndipo zikaja Kanuni za ISM, yani kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama wa meli, IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, wakazipitisha 1993, zikawa za lazima tarehe 1 Julai 1998 kwa meli za abiria, meli za mafuta na za shehena ya kichele, yani isiyofungashwa kama nafaka, na 2002 kwa meli nyingine za mizigo kuanzia tani 500 kwenda juu, zote zikiwa ni zile za safari za kimataifa.

Kwa hiyo kiini cha mfumo mzima ni ofisi. Kuna kitu nahodha anakihitaji, anakiomba, je ofisi inamsikia? Ukilishika hilo utaona karibu kila kipengele kinalizungukia hilo hilo.

Najua mwenye boti dogo la ndani atasema mimi siendi Comoro wala Mombasa hainihusu. Ndugu yangu, chombo cha ndani kinaangaliwa na sheria za nchi, na wasimamizi wa vyombo vya majini, huku bara utakutana na TASAC, Zanzibar kuna ZMA, Kenya wana KMA, hao ndio watakaokuambia chombo chako kinatakiwa kuwa na nini kwa ukubwa wake. Lakini hata kama hujalazimishwa kuwa na cheti cha ISM, jenga mfumo wako kwa mtindo huo huo kwa sababu bahari yenyewe haijui umesajili tani ngapi.

Sasa turudi kwenye lile faili la kukopi. Niliwahi kupanda meli moja, mwenyewe simtaji, faili lake zuri kabisa lina kava ngumu na nembo, nafungua sura ya dharura nakuta inaelezea namna ya kuteremsha boti za kuokolea kulia na kushoto. Meli haina boti hizo, ina rafti za kujaa upepo tu. Mabaharia wote wanajua. Maana yake wakishasoma ukurasa huo mmoja wakaona hauwahusu hawatasoma mwingine, na siku kukiwa na moshi injini rumu kila mtu atafanya anachokumbuka kutoka meli aliyofanyia kazi zamani. Hiyo ndo hatari ya faili la kukopi, linawafundisha watu kwamba karatasi za melini ni uongo.

Fanya hivi, mchukue nahodha, chifu injinia na bosani, yani msimamizi wa mabaharia wa dekini, kaeni ndani ya chombo sio ofisini, waulize mnafunga kamba vipi, nani anaangalia pampu, mkipata moto jikoni nani anazima feni nani anakwenda na hozi. Andika wanavyosema. Pale wanapofanya vibaya mrekebishane hapo hapo mkiwa mmekiangalia kifaa chenyewe. Na andika kwa lugha wanayoifanyia kazi, kama melini watu wote wanaongea Kiswahili basi iwe Kiswahili, kanuni zenyewe zinataka maelezo yawe kwenye lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa, sijui kwa nini watu wanang'ang'ania Kiingereza cha kurasa mia tatu ambacho hakuna anayekifungua. Kurasa arobaini zinazoendana na chombo chako zinatosha kuanzia.

Kipengele ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote ni mamlaka ya nahodha. Kanuni zinasema wazi kampuni iandike kwamba nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye mambo ya usalama na kulinda bahari isichafuliwe, na kwamba ana haki ya kuomba msaada wa kampuni akiona inabidi. Kila faili lina sentensi hiyo. Lakini waulize manahodha wa pwani hii nini kinatokea ukisema leo siondoki, utasikia simu kumi, mara abiria wamekata tiketi, mara mwenzako kaondoka mbona wewe unaogopa. Mnakumbuka MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012, Dar kwenda Unguja, ikazama karibu na Chumbe kwenye upepo mkali. Julai ni msimu wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, kila mtu wa pwani anajua kusi linavyokuwa. Na chombo kile kilitoka Marekani, kazi yake kilikuwa kinavusha abiria kwenye maji ya ndani ya Puget Sound huko Seattle.

Kwa hiyo ushauri wangu, kabla msimu wa kusi haujaanza kaa na nahodha mkubaliane kwa namba, upepo wa kasi ya noti ngapi (noti ni maili za bahari kwa saa) na wimbi mita ngapi hatuondoki, kwa chombo hiki, kwa njia hii. Kiandikwe, kisainiwe na mwenye mali. Afu mkubaliane pia nani anarudisha nauli, nani anaongea na abiria pale gatini, na hilo lisimguse nahodha kabisa. Hili la nauli watu wanalidharau ila nawaambia kwa niliyoyaona, nahodha anayejua kwamba akikataa kuondoka hatokatwa mshahara na hatogombana na abiria ni nahodha tofauti kabisa na yule anayejua vita vinamsubiri.

Halafu kuhesabu watu. Hapa sitanii hata kidogo. MV Spice Islander I, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Unguja kwenda Pemba, kibali chake kilikuwa cha watu 600 na kitu, tume ya uchunguzi ikaja kukuta walikuwa zaidi ya 2,000. Kuna familia Pemba mpaka leo hawana kaburi la kwenda kusoma dua. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara, Ziwa Victoria, uwezo wake watu 101, waliokufa peke yao ni zaidi ya 220. Hizi sio ajali za kukosa teknolojia, ni ajali za kukosa mtu mmoja kwenye ngazi mwenye kauli ya kusema basi, imejaa.

Hesabu ifanyike kwenye ngazi ya kupandia sio kwenye dirisha la tiketi, kwa sababu tiketi hazihesabu watoto wa kubebwa, hazihesabu jamaa wa mabaharia, hazihesabu waliopanda kusindikiza wakasahau kushuka. Mtu mmoja, kile kimashine cha kubonyeza mkononi, na namba itumwe ofisini kabla kamba haijafunguliwa ili ibaki nchi kavu. Sheria ya kimataifa inataka watu wote wahesabiwe kabla ya meli ya abiria kuondoka. Na uhakikishe jaketi za kuokolea za watoto zipo, kiwango ni angalau asilimia 10 ya idadi ya abiria au zaidi ili kila mtoto awe na lake, tena zisiwe kwenye kabati lenye kufuli eti zinaibiwa. Zikiibiwa nunua nyingine.

Sasa huyu mtu anaitwa DPA, yani mtu wa nchi kavu aliyeteuliwa na kampuni kuwa kiungo cha meli na wakubwa. Kanuni zinataka awe na njia ya moja kwa moja kumfikia bosi wa juu kabisa. Kampuni nyingi ndogo zinaandika tu jina la mtu, mara nyingine ni ndugu wa mwenye mali ambaye hata hajui kama jina lake limebandikwa briji, kule nahodha anakoongozea meli. Nikienda kwenye chombo kitu cha kwanza nachukua namba iliyobandikwa ukutani napiga, tena napenda kupiga usiku. Isipopokelewa sihitaji kusoma faili. DPA mzuri awe mtu anayeweza kugonga mlango wa mkurugenzi akasema meli hii leo isitoke na asipoteze kazi, na awe mtu ambaye kuli wa dekini anaweza kumpigia bila kupitia kwa nahodha.

Hapo ndo zinakuja ripoti za nusura ajali. Kuna siku melini kwetu kijana alitaka kuingia tanki la ballasti, lile la maji ya kuipa meli uzito, lililofungwa miezi, kadondosha spana ndani anaifuata, akiwa nusu ya ngazi bosani akamvuta. Tulipoteremsha kipimo cha hewa kengele ikalia kabla hata hakijafika chini. Kutu inakula oksijeni, hewa ya kawaida ina kama asilimia 21 na tanki lililofungwa muda mrefu linaweza kushuka mpaka kiwango ambacho unaanguka bila kuhisi chochote, afu anayekufuata kukuokoa anaanguka juu yako. Yule bosani aliandika ripoti na ofisi ikafanya mambo mawili, ikanunua kipimo cha pili na ikamshukuru kwa jina mbele ya wenzake. Kuanzia hapo ripoti zilianza kumiminika, ngazi imelegea, mlango hauzibi, injinia hajalala siku mbili. Kama ungemkata yule kijana mshahara usingepata hata moja, na wewe ofisini ungekaa unadhani meli yako haina matatizo.

Masaa ya kupumzika nayo muyaangalie, kiwango ni angalau masaa 10 ndani ya masaa 24 na masaa 77 ndani ya siku saba, na yale 10 yasigawanywe zaidi ya vipande viwili, kipande kimoja kiwe si chini ya masaa 6. Ukiona karatasi ya mapumziko imejazwa masaa yale yale mwezi mzima kwa boti inayopiga tripu asubuhi na usiku, mtu kaijaza yote siku moja. Usimfokee, muulize mnahitaji watu wangapi zaidi.

Drili, yani mazoezi ya dharura, ni hivyo hivyo, kila baharia angalau ashiriki mara moja kwa mwezi ya moto na ya kuhama meli, na meli za abiria zinatakiwa kufanya kila wiki. Ila usifanye kila mara saa nne asubuhi gatini na kila mtu kashajua. Zima taa. Mwambie chifu injinia wewe leo umeumia, wengine wawashe pampu ya dharura ya moto. Mara ya kwanza itachukua muda mrefu mpaka utaogopa, na hicho ndicho unachotaka kukijua ukiwa bado gatini.

Matengenezo sina mengi, andika vifaa ambavyo vikifa ghafla vinaleta hatari, usukani, jenereta, pampu za bilji za kutoa maji chini ya meli, vipimwe kwa ratiba na spea zake ziwepo melini sio dukani Kariakoo.

Kwenye vyeti sasa kwa wale wa kimataifa. Kampuni inapata chake kinaitwa DOC, meli inapata chake SMC, vyote miaka 5, cha kampuni kinakaguliwa kila mwaka na cha meli kinakaguliwa katikati ya muda wake, na wewe mwenyewe ndani ya kampuni ufanye oditi yako, yani ukaguzi wa ndani, isipite miezi 12 bila kuifanya. Ukiwa mpya unapewa vya muda, kampuni miezi 12 na meli miezi 6. Hivyo vya muda watu wanavichukulia kama likizo, cheti cha meli kikifika mwezi wake wa tano ndo wanaanza kutafuta faili la kukopi na kunitumia meseji. Mkaguzi akija anataka kuona mfumo umeshafanya kazi angalau miezi mitatu, ofisini na melini, na rekodi zake zipo, kwa hiyo piga hesabu kurudi nyuma, na kikao na nahodha wako kiwe wiki ile ile meli inapofika.